Joto, Mbwa na Mizani ya Mwili: Kutoka Vitabu vya Uchina hadi Vilima vya Irangi

Hapana taifa lililoishi chini ya jua kali ambalo halikujiuliza mwili ulindweje na joto. Wengine walijibu kwa vitabu, wengine kwa desturi, na wengine kwa kafara. Lakini swali lilikuwa moja, nalo ni swali la mizani. Mwili wenye afya ni ule ambao moto na baridi vimekaa ndani yake kwa kadiri, kimoja kisikimeze kingine. Jambo hili limeandikwa sana kwa habari ya mwanadamu, na kwa kiasi kikubwa kwa habari ya farasi na ng'ombe. Kwa habari ya mbwa limeandikwa kidogo, ingawa mbwa ndiye mnyama aliyetangulia kufugwa kuliko wote, na ndiye anayeonyesha taabu ya joto waziwazi, kwa ulimi unaoning'inia na mbavu zinazopanda na kushuka. Kuifuata fikira hii ya mizani tangu vitabu vya Uchina na vya Waarabu hadi wilaya ya Kondoa, katikati ya Tanzania, ni kufuata pia historia ya kiumbe aliyeachwa nje ya vitabu, na ya watu walioumia kwa sababu aliachwa.

Kondoa iko kiasi cha kilomita 160 kaskazini ya mji wa Dodoma, katika nchi ya vilima vya Irangi. Wakaao huko ni Warangi, na karibu nao Waburunge, Waalagwa na Wasandawe. Baadhi ya makabila hayo sasa wako zaidi upande wa Chemba, wilaya iliyogawanywa kutoka Kondoa mwaka 2012. Mvua ya nchi hiyo ni ya msimu mmoja tu, tangu Desemba hadi Aprili. Ikiisha, majani hukauka, na mwezi wa Juni na Julai huja kipupwe chenye usiku wa baridi kali. Joto lenyewe hufika Oktoba na Novemba, kabla ya mvua kurudi, wakati mito imebaki mchanga mtupu na maji hutafutwa kwa kuchimba chini yake. Basi joto la Kondoa ni joto kavu, na wakati wake ni wakati wa upungufu wa maji. Mambo haya mawili, ukavu na upungufu wa maji, yafaa yakumbukwe, maana ndiyo yatakayopima kila shauri litokalo mbali.

Shauri moja la kale lililoandikwa juu ya mbwa na joto lilikuwa la nyota. Nyota ing'aayo kuliko zote usiku, ambayo Waarabu huiita Shi'ra na ambayo imetajwa katika sura ya An-Najm ya Kurani, Wagiriki waliiita nyota ya Mbwa. Katika nchi zao huanza kuonekana alfajiri wakati joto la mwaka limefika kileleni, nao wakadhani kwamba moto wa nyota huongezwa juu ya moto wa jua. Siku hizo wakaziita siku za mbwa, wakazihesabu kuwa siku za homa kwa watu na za wazimu kwa mbwa. Warumi walikwenda mbali zaidi: walichinja mbwa wa rangi nyekundu kuwa kafara ya kuituliza nyota hiyo. Hivyo katika imani hiyo mbwa hakuwa mgonjwa wa joto anayestahili kutibiwa. Alikuwa mshtakiwa wake.

Wachina hawakuishtaki nyota. Wao walijenga elimu ya mizani yenyewe, wakaipa majina mawili yajulikanayo sana, yin na yang: yin upande wa kivuli, wa baridi, wa maji na wa utulivu, yang upande wa mwanga, wa joto, wa moto na wa mwendo. Juu ya hayo wakaweka asili tano, yaani mti, moto, udongo, madini na maji, na kila asili ikapewa msimu wake na kiungo chake cha mwili. Moto ukapewa majira ya joto na moyo. Udongo ukapewa mwisho wa majira ya joto, wakati wa unyevu, pamoja na wengu. Madini yakapewa majira ya vuli ya huko, wakati wa ukavu, pamoja na mapafu. Vyakula na dawa navyo vikapangwa kwa tabia, si kwa kuvigusa kwa mkono, bali kwa kazi vinayoifanya ndani ya mwili. Nyama ya kondoo ikahesabiwa kuwa ya moto, ya kuku kuwa ya vuguvugu. Tango, tikitimaji na choroko zikahesabiwa kuwa za baridi.

Elimu hii ilitumika kwa wanyama tangu zamani. Wachina husimulia habari za Bole, mtu wa karne ya 7 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, aliyesifika kwa kuwajua farasi, na jina lake likawa jina la kila mjuzi. Kitabu mashuhuri kuliko vyote vya tiba hiyo ni Yuanheng Liaoma Ji, kilichotungwa na ndugu wawili, Yu Benyuan na Yu Benheng, nacho ni cha mwaka 1608. Ni kitabu cha farasi. Matabibu wa farasi walikuwa na desturi ya kumnywesha mnyama dawa kwa kufuata majira kabla hajaugua: wakati wa joto dawa ya kuondoa moto mwilini, wakati wa baridi dawa yenye shamari ya kumtia joto. Farasi aliyepigwa na jua alitobolewa kwa sindano kwenye ncha za masikio na ncha ya mkia, damu kidogo ikatoka, joto likadhaniwa kutoka nayo.

Mtu akiuliza kwa nini farasi, jibu halimo katika elimu ya tiba bali katika hazina ya dola. Farasi alibeba askari na barua za mfalme, ng'ombe alivuta jembe, ngamia alibeba mizigo, nguruwe alilisha mji. Mganga wa farasi alilipwa na jeshi. Mbwa alilinda nyumba na kuandamana na mwindaji, lakini hapana afisa wa hazina aliyepoteza usingizi kwa kufa kwake. Tena katika vitabu vya dawa vya Uchina mbwa huonekana zaidi akiwa dawa kuliko akiwa mgonjwa. Katika Bencao Gangmu, kitabu kikubwa cha Li Shizhen kilichochapishwa mwaka 1596, viungo vya mbwa vimepangwa pamoja na majani na mizizi, na nyama yake imehesabiwa kuwa yenye joto, yaani chakula kinachofaa wakati wa baridi. Ajabu ya historia ni kwamba mnyama ambaye leo watu wa miji mikubwa humtafutia vyakula vya kumpoza, alianza katika elimu hiyohiyo akiwa chakula cha kumtia mtu moto.

Upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi mizani hiyo ilijulikana kwa majina mengine. Wagiriki walifundisha kwamba mwili una maji manne, na Waarabu wakayapokea, wakayafafanua na kuyaeneza; Ibn Sina aliyakusanya katika Al-Qanun, kitabu kilichokamilika mwaka 1025 hivi. Katika pwani ya Waswahili maji hayo yakaitwa damu, balghamu, safura na sauda, na kila mtu akasemwa kuwa ana mizaji yake, ya moto au ya baridi, kavu au yenye unyevu. Mama wa pwani aliyemkataza mwanawe mwenye kikohozi asile tango, au aliyempa mzazi vyakula vyenye pilipili manga na tangawizi, alikuwa akitumia elimu iliyosafiri miaka elfu na zaidi, ingawa hakuliona jina la mtunzi wake.

Elimu hizi mbili zinafanana hata mtu akadhani ni moja, lakini hazilingani katika kila jambo. Tango na tikiti ni baridi kwa wote. Asali, ambayo matabibu wa Kiyunani na wa Kiarabu waliihesabu kuwa ya moto, Wachina waliiweka katikati, si moto wala baridi. Tofauti hiyo ni ndogo, lakini ina fundisho kubwa: tabia ya chakula katika elimu hizi haikupimwa kwa kipimo kimoja ambacho kila mtu angekiona, ilihukumiwa kwa uzoefu wa watu wa mahali fulani, wakila vyakula fulani, chini ya hali fulani ya hewa.

Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa pwani waliotafuta pembe za ndovu walifika Irangi, na baadhi yao wakafanya makao Kondoa. Pamoja na nguo na shanga ilifika dini ya Kiislamu, lugha ya Kiswahili, na fikira za tiba ya pwani. Hapo swali la mbwa likapata upande mpya. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika ya Mashariki, mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokiramba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Wengine wakatoa katika hukumu hiyo ya usafi hukumu ya chuki, wakaona kwamba mbwa hana haki. Lakini dini hiyohiyo ilihalalisha mawindo ya mbwa aliyefunzwa, na mbwa wa kuchunga kundi na wa kulinda shamba. Tena katika hadithi zilizo mashuhuri sana mna habari ya mtu aliyeshuka kisimani kwa kiu, alipotoka akamkuta mbwa akihema na kulamba udongo. Akarudi chini, akajaza kiatu chake maji, akamnywesha, naye akasamehewa madhambi yake. Mwalimu wa chuo aliyewasomea wanafunzi wake habari hiyo mwezi wa Novemba, mahali ambapo maji huchimbwa mchangani, hakuhitaji kuwafafanulia sana. Shauri la kumtunza mbwa katika joto lilikuwa limekwisha kutolewa kwa ufupi kuliko katika kitabu chochote: mpe maji.

Warangi na jirani zao walikuwa na maarifa yao kabla ya msafara wa kwanza kufika. Wasandawe ni watu wa mawindo kwa asili, wenye upinde na mshale wa sumu, na mwindaji wa namna hiyo humtegemea mwenziwe wa miguu minne. Mchungaji naye hulala akimsikiliza mbwa, maana fisi huja usiku. Maarifa ya watu wa kazi hayawekwi katika majedwali ya moto na baridi. Hukaa katika saa na mahali. Mawindo huanza kabla jua halijapanda. Kundi hupumzika kivulini mchana. Ng'ombe, mbuzi na mbwa hupelekwa yaliko maji, na maji yakihama, watu huhama. Mizani ya namna hii haionekani katika maktaba, kwa sababu iliandikwa kwa nyayo ardhini.

Dola zilizotawala nchi hiyo baadaye zilikuja na vitabu vyao, nazo pia zilimtazama mnyama yule aliyekuwa na faida kwa hazina. Maradhi ya sotoka yalipopita Afrika ya Mashariki kuanzia mwaka 1890 hivi, yaliangamiza sehemu kubwa mno ya ng'ombe, na njaa ikafuata nyuma yake. Wajerumani walianzisha kituo cha uchunguzi wa maradhi ya mifugo Mpwapwa mwaka 1905, na kituo hicho kikaendelea chini ya Waingereza na chini ya serikali huru. Kazi yake kubwa ilikuwa ng'ombe, na haikuwa kosa. Ng'ombe ndiye aliyekuwa uhai wa nchi. Hata hivyo, cheo cha bwana mifugo kilipozoeleka vijijini, mbwa hakuwa mfugo machoni pa wengi, wala hakuwa mnyama wa porini. Alibaki kati, bila ofisi.

Kwamba elimu ya wanyama isiyofuata mahali huleta hasara, Kondoa ilishuhudia mwaka 1916. Jenerali van Deventer alikuja na askari wapanda farasi kutoka Afrika ya Kusini, akauteka mji mwezi wa Aprili, na mwezi wa Mei akashambuliwa hapo na Lettow-Vorbeck. Askari wale walizaliwa juu ya matandiko. Hapana aliyeweza kuwafundisha jinsi ya kumlisha farasi au kumpanda. Lakini walipita katika nchi ya mbung'o na ya maradhi ya farasi, tena katika mvua kubwa, na farasi wakafa kwa mamia. Jeshi lililotegemea miguu ya farasi likabaki kutembea kwa miguu yake. Ustadi wa farasi ulikuwa wa kweli, lakini ulikuwa ustadi wa nchi nyingine.

Kosa la aina hiyo ndilo linalomkabili mtu achukuaye kalenda ya mizani kutoka mbali na kuitia mahali asipopapima. Siku za mbwa za Wagiriki huangukia Julai na Agosti. Lakini Kondoa iko kusini ya ikweta, na Julai ni mwezi wa kujifunika blanketi. Majira ya moto katika vitabu vya Uchina nayo ni kati ya Mei na Agosti. Mtu atakayefuata jedwali lake neno kwa neno atampoza mbwa anayetetemeka. Hata kalenda ya pwani ya Waswahili haifai, kwa kuwa joto la pwani ni la kaskazi, tangu Desemba hadi Machi, na miezi hiyo ndiyo miezi ya mvua Kondoa. Tena elimu ya asili tano iliambatanisha mwisho wa joto na unyevu, na ukavu ikaupeleka katika msimu mwingine na kiungo kingine. Katika vilima vya Irangi joto na ukavu huja pamoja siku moja, kama mapacha.

Wenye haki ya kuitetea elimu hiyo watasema kwamba mjuzi wa Uchina hafuati tarehe bali hutazama mgonjwa aliye mbele yake: ulimi wake, mapigo ya damu yake, kiu yake, mahali anapopenda kulala. Maneno hayo ni ya kweli, tena ni heshima kwa elimu yao. Mbwa anayetafuta sakafu ya baridi na mbwa anayetafuta jua si wagonjwa wa namna moja, na tabibu wa kale aliliona hilo bila kipimajoto. Lakini basi kinachofaa kuchukuliwa kutoka Uchina ni jicho la kutazama kwa makini, si jedwali la majira.

Jambo ambalo ndani yake makosa ya fikira yamegharimu roho za watu ni kichaa cha mbwa. Imani ya kwamba joto huwatia mbwa wazimu ilienea kutoka nyota ya Wagiriki hadi katika vichwa vya watu wa mataifa mengi. Si kweli. Kichaa cha mbwa ni ugonjwa wa virusi vinavyopita katika mate kwa kuuma. Hutokea Julai kama utokeavyo Novemba. Uchina nako mtaalamu Ge Hong, aliyeishi katika karne ya 3 na ya 4, aliandika kwamba aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa apakwe katika jeraha ubongo wa mbwa yuleyule aliyemuuma. Wako wanaoliona shauri hilo kuwa dalili ya chanjo iliyotangulia wakati wake; lakini ubongo ndimo virusi vyenyewe vinamokaa, na kuutia katika jeraha bichi si dawa. Chanjo ya kweli ilipatikana Ufaransa mwaka 1885, Louis Pasteur alipomtibu mtoto aliyeumwa.

Hata hivyo Ge Hong hastahili kuchekwa. Katika kitabu kilekile aliandika shauri la kutibu homa kwa mmea uitwao qinghao, uliolowekwa majini na kukamuliwa. Katika karne ya 20 mtaalamu wa kike wa Uchina, Tu Youyou, aliusoma ukurasa huo, akaujaribu katika maabara, akapata dawa ya artemisinini, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobel. Dawa ya mseto ya malaria iliyoanza kutumiwa Tanzania bara mwaka 2006, ambayo imeponya watoto wengi wa Kondoa kama wa kwingineko, ina mzizi katika ukurasa huo. Mwandishi mmoja, kitabu kimoja, mashauri mawili: moja limeokoa mamilioni ya watu, jingine halikuokoa mtu. Ukale haukuweza kuyatofautisha, maana yote mawili yalikuwa ya kale kwa kadiri moja. Kilichoyatofautisha ni kujaribu.

Katika Tanzania kutojua tofauti hiyo si jambo la wanachuoni peke yao. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2002 ulikadiria kwamba kiasi cha watu 1,500 hufa nchini kila mwaka kwa kichaa cha mbwa, na wengi wa wanaoumwa ni watoto wa vijijini. Dalili zikianza, ugonjwa huo karibu hauna kupona. Wataalamu wamekubaliana kwamba mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukatika. Tena kuchanja mbwa hugharimu kidogo sana kuliko kumtibu mtu aliyekwisha umwa. Mtu anayedhani kichaa hutoka katika jua atampeleka mbwa wake kivulini, naye atakuwa amefanya wema. Lakini hatampeleka kwenye chanjo, na mwanawe atabaki katika hatari ileile. Hapo ndipo kuachwa kwa mbwa nje ya vitabu kunapogeuka kuwa msiba wa nyumba.

Tiba ya mbwa kwa njia ya Kichina, kama inavyojulikana leo, ni changa kuliko jina lake. Serikali ya Uchina ilitoa agizo mwaka 1956 la kuwatunza na kuwakusanya waganga wa mifugo wa vijijini, na shabaha yake ilikuwa ng'ombe, farasi na nguruwe wa wakulima. Mbwa aliingia katika elimu hiyo kwa nguvu baada ya sindano za Kichina kuwavutia madaktari wa wanyama wa Marekani. Chama chao cha kimataifa kiliundwa mwaka 1974, na mwaka 1998 chuo cha tiba hiyo kikafunguliwa Florida. Huko mbwa ana kitanda, ana chakula chake dukani, na ana mwenyewe anayeogopa joto la Julai. Ramani za sindano za mwanadamu zikahamishiwa mwilini mwa mbwa, na majedwali ya vyakula yakafuatishwa. Fikira ni ya kale; mgonjwa ni mpya. Hilo si aibu, maana kila elimu hupanuka. Lakini asemaye kwamba mbwa wametunzwa hivyo kwa miaka elfu tatu anaikopesha historia mali isiyo yake.

Tanzania imepokea tiba ya Uchina kwa mlango mwingine. Madaktari wa mkoa wa Shandong walianza kutumwa Tanzania bara mwaka 1968, nao walikuja na sindano zao pamoja na visu vya upasuaji. Mwaka 1987 ulianzishwa ushirikiano katika hospitali ya Muhimbili wa kujaribu dawa za Kichina kwa wagonjwa wa UKIMWI. Shukrani ya mambo hayo haipaswi kufutwa. Lakini mkoa huohuo wa Shandong ndiyo asili ya ejiao, dawa ya kuongeza damu ipikwayo kwa ngozi za punda, na haja ya ngozi hizo ilipozidi punda wa Uchina, ikawafikia punda wa Afrika. Machinjio ya punda yalifunguliwa Dodoma na Shinyanga, na wizi wa punda ukawa malalamiko ya vijiji. Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uchinjaji huo mwaka 2021 kwa miaka 10, na Umoja wa Afrika ukaafiki kusimamisha biashara hiyo mwaka 2024. Katika nchi ambamo punda hubeba ndoo za maji mwezi wa Novemba, kumtoa punda ili kuweka sawa damu ya mtu wa mbali ni kuvunja mizani moja ili kutengeneza nyingine.

Kondoa yenyewe ilikwisha kujifunza neno mizani kwa uchungu. Ardhi ya vilima vyake iliraruliwa na maji hata makorongo yakawa marefu kuliko nyumba. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulianzishwa mwaka 1973 kwa msaada wa Sweden, na mwaka 1979 mifugo yote iliamriwa kutolewa katika eneo la kilomita za mraba 1,256. Wanyama waliohamishwa walikuwa kati ya 85,000 na 90,000: ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda. Majani yakarudi, na miti ikasimama tena. Lakini maziwa na samadi vilikosekana nyumbani, na ilipofika mwaka 1989 ndipo ng'ombe wa kulishwa zizini walipoanza kuruhusiwa. Wapo walioita kazi hiyo ushindi na wapo walioiita hasara, na wote wana ushahidi. Uponyaji wa upande mmoja ulikuwa njaa ya upande mwingine, na busara ilikuwa kutafuta kadiri.

Baada ya kupima yote haya, ni nini kinachobaki kwa mbwa wa Kondoa katika joto la Oktoba? Elimu ya mwili inasema kwamba mbwa hatoki jasho kama mtu, ila kidogo katika nyayo. Hujipoza kwa kuhema, na kila pumzi humtoa maji. Joto lake la kawaida ni kati ya nyuzi 38 na 39. Likipita 41 yuko karibu na kifo. Katika hewa yenye unyevu kuhema hakumfai sana, kwa kuwa mvuke haupokelewi. Katika hewa kavu ya Irangi kuhema kunamfaa sana, lakini kunamkausha upesi. Basi mizani yake huko ni maji kwanza, kivuli baadaye, na saa ya kazi. Tikitimaji, tunda ambalo asili yake ni Afrika, litamfaa kwa maji yaliyomo ndani yake, awe na yin au asiwe nayo. Choroko zilizopikwa zitamfaa akizila juu ya ugali wake kwa kuwa ni chakula chema. Mambo hayo mawili mtabibu wa Uchina na mchungaji wa Haubi wanaweza kukubaliana, kila mmoja kwa sababu zake. Kisichoweza kuwekwa badala ya chochote ni chanjo.

Fikira ya moto na baridi imeishi muda mrefu kwa sababu inasema jambo la kweli: mwili una kadiri, na mtunzaji mwema huitazama kadiri hiyo kabla haijapotea. Udhaifu wake ni kwamba iliwatazama wale tu ambao mfalme, jeshi au soko liliwahitaji. Historia ya tiba ya wanyama ikiandikwa Kondoa, haifai kuanza na farasi wa Uchina wala farasi wa van Deventer. Yafaa ianze na mnyama anayelala nje ya mlango, asiye na ofisi wala jedwali, ambaye afya yake na afya ya mtoto wa nyumba hiyo zimefungwa kwa kamba moja.